Tuzo ya Mmoja, Hasara ya Wengi

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mithali 13:11, Mithali 28:20–22, Kutoka 20:15, 17, Yoshua 18:2–10, Matendo 1:21–26, Isaya 65:11, Marko 12:41–44, 2 Wakorintho 9:7, Waefeso 4:28, 1 Timotheo 6:6–10, Yohana 19:23, 24.

Fungu la Kukariri: Mithali 13:11. Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti mara tatu, na uwe tayari kulisema darasani.

Jumamosi jioni, tarehe 19 Novemba 1994, mamilioni ya watu nchini Uingereza waliketi mbele ya televisheni wakiwa na vikaratasi mikononi. Nchi ile haikuwa na bahati nasibu ya serikali tangu mwaka 1826, ilipochezeshwa ya mwisho. Sasa ilikuwa imerudi. Mashine ilivuruga mipira yenye namba, sita ikatoka, na watu saba wakagawana zawadi kuu. Wengine wote walitupa vikaratasi vyao, na wengi wao walinunua vingine juma lililofuata.

Nchi nyingi zina mchezo wa namna hii, na zetu zimo. Washiriki wetu wanaupita kila siku dukani, redioni na katika simu zao. Wengine wanacheza. Mara nyingi kanisa husema neno moja tu, kwamba kamari ni dhambi, kisha huendelea na tangazo linalofuata. Juma hili tutakwenda taratibu zaidi. Tutachukua bahati nasibu ya Uingereza kama mfano, kwa sababu kanuni na hesabu zake ziko wazi, tuone jinsi mchezo wa namba unavyofanya kazi na fedha zinatoka kwa nani. Kisha tutaiuliza Biblia jambo moja: je, ninaweza kumpenda jirani yangu na wakati huohuo kutumaini kwamba yeye atapoteza ili mimi nipate?

JUMAPILI
Mchezo Unavyofanya Kazi

Soma Mithali 28:20–22. Ni tofauti gani inayoonyeshwa kati ya mtu mwaminifu na mtu anayeukimbilia utajiri?

Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Kwa kanuni za mwaka 1994, mchezaji alilipa pauni moja na kuchagua namba sita kati ya 1 na 49. Siku ya droo, mipira 49 ilitiwa katika mashine, ikavurugwa, na sita ikatoka mmoja baada ya mwingine. Haikujalisha ipi ilitangulia kutoka. Aliyekuwa na namba zote sita alipata zawadi kuu. Aliyepata tano, nne au tatu alipewa zawadi ndogo zaidi.

Sasa tupige hesabu. Mpira wa kwanza unaweza kuwa wowote kati ya 49, wa pili wowote kati ya 48 iliyobaki, na kuendelea hivyo hadi wa sita, ambao ni mmoja kati ya 44. Zidisha 49 × 48 × 47 × 46 × 45 × 44, utapata 10,068,347,520. Lakini namba sita zilezile zinaweza kutoka kwa mipangilio 720, nayo yote ina maana moja. Kwa hiyo gawanya kwa 720. Jibu ni 13,983,816. Hiyo ndiyo idadi ya tiketi tofauti zinazowezekana, na ni moja tu kati yake inayopata zawadi kuu.

Idadi kubwa hivyo ni vigumu kuiona moyoni, basi tumwite Methusela. Biblia inasema aliishi miaka 969 (Mwanzo 5:27). Tuseme alinunua tiketi mbili kila juma, tangu siku aliyozaliwa hadi siku aliyokufa, bila kukosa hata juma moja. Angekuwa amenunua tiketi zipatazo 100,776. Uwezekano wake wa kupata zawadi kuu hata mara moja katika maisha yake yote ungekuwa kama 1 kati ya 139. Mtu aliyeishi kuliko wote angekufa akisubiri, karibu kwa hakika. Mwaka 2015 waendeshaji waliongeza namba kutoka 49 hadi 59, na tiketi zinazowezekana zikafika 45,057,474. Kwa kanuni hizo mpya uwezekano wa Methusela ungeshuka hadi 1 kati ya 447.

Tena, mipira haina kumbukumbu. Haijui ni namba gani ilitoka juma lililopita wala ipi imekaa muda mrefu bila kutoka. Haijui siku ya kuzaliwa ya mtoto wako wala ndoto uliyoota usiku. Namba 1, 2, 3, 4, 5 na 6 zina uwezekano uleule kama namba nyingine zozote sita. Basi mtu akikuuzia "namba za uhakika", jiulize: kama angezijua, si angezicheza mwenyewe?

Tarehe 14 Januari 1995 zilitoka namba 7, 17, 23, 32, 38 na 42. Watu 133 walikuwa wamezichagua zote sita. Zawadi kuu ya zaidi ya pauni milioni 16 iligawanywa, kila mmoja akapata pauni 122,510. Ni fedha nyingi, lakini si utajiri ambao kila mmoja wao aliudhania alipoona namba zake zikitoka. Kila mmoja alidhani amechagua kwa siri yake, kumbe wengi huchagua kwa mazoea yanayofanana.

Mchezo huu unaahidi nini kwa haraka ambacho Mungu huahidi kwa njia ya uaminifu wa muda mrefu?

JUMATATU
Pauni Moja Inakwenda Wapi?

Soma Kutoka 20:15, 17 na Mathayo 22:39. Amri hizi zinalinda kitu gani cha jirani yako?

Watu wengi hudhani kwamba mshindi analipwa na kampuni inayoendesha mchezo. Sivyo. Zawadi hutoka katika mfuko uliojazwa na wachezaji wenyewe. Katika miaka ile ya mwanzo, pauni moja ya tiketi iligawanywa takriban hivi: peni 50 zilirudi kwa wachezaji kama zawadi, peni 28 zilikwenda kwenye miradi ya jamii, peni 12 zilikuwa kodi ya serikali, peni 5 zilikuwa za mwenye duka aliyeuza tiketi, na zilizosalia zilikuwa za mwendeshaji, gharama zake na faida yake.

Sasa fikiria watu mia moja, kila mmoja akitoa pauni moja. Zimepatikana pauni 100. Kwa wastani, 50 zitawarudia. Wakizicheza hizo 50 tena, zitarudi 25. Wakizicheza hizo 25, zitarudi 12 na nusu. Haidhuru nani kati yao amebahatika leo. Kundi zima linazidi kupungukiwa. Huo si uovu wa siri wala hila ya mashine. Ndivyo mchezo ulivyoundwa, na kanuni zake huwekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Kwa nini basi watu hawachoki? Sababu moja ni zawadi ndogo. Aliyepata namba tatu alilipwa pauni 10, na uwezekano wake ulikuwa kama 1 kati ya 57. Maana yake, kwa wastani mtu alinunua tiketi 57, kwa pauni 57, ili apate pauni 10 mara moja. Lakini siku ile ya kupokea kumi, nani huzikumbuka zile hamsini na saba? Moyo hukumbuka siku ya kupata na kusahau siku za kutoa. Sababu nyingine ni kwamba zawadi kuu isipopata mshindi hulimbikizwa hadi droo inayofuata. Fungu linakuwa kubwa, foleni inarefuka, ingawa uwezekano wa tiketi moja kutoa namba sita haujabadilika hata kidogo.

Hapa ndipo somo letu linapogusa amri za Mungu. Katika biashara ya haki, muuza nyanya na mnunuzi wote wawili huondoka na kitu: mmoja fedha, mwingine mboga. Katika mchezo wa namba, anayepata amepata kwa sababu wengi wamekosa, naye alitamani iwe hivyo. Anayeomba moyoni ashinde anaomba, ajue asijue, kwamba wenzake wasishinde. Hakuiba, kwa kuwa wote walikubali. Lakini amejifunza kukitazama kilicho cha jirani na kusema, "Laiti kingekuwa changu."

Kama ungewaona uso kwa uso watu wote waliochangia zawadi moja kuu, ungeipokea kwa furaha ileile?

JUMANNE
Kura Katika Biblia

Soma Yoshua 18:2–10 na Matendo 1:21–26. Nani alipoteza katika kura hizi?

Wengine huuliza: "Je, si Biblia yenyewe inaruhusu kura? Mithali 16:33 inasema uamuzi wa kura uko kwa Bwana. Basi nikishinda, si Bwana ameamua?" Ni swali zuri, wala tusilikwepe.

Tazama yaliyotokea Shilo. Makabila saba yalikuwa hayajapata urithi. Kwanza watu walitumwa kuipima nchi na kuiandika katika mafungu saba. Ndipo Yoshua akapiga kura mbele za Bwana. Mafungu saba, makabila saba. Hakuna kabila lililolipa ili lishiriki, wala hakuna lililorudi mikono mitupu. Kura haikuamua nani apate na nani akose. Iliamua ni fungu lipi liwe la nani, ili pasiwe na ugomvi wala upendeleo.

Katika Matendo, Yusufu na Mathiya wote wawili walikuwa wamefaa kwa kazi. Wanafunzi waliomba, wakapiga kura, Mathiya akahesabiwa pamoja na wale kumi na mmoja. Hakuna aliyeweka fedha mezani. Tena baada ya Pentekoste hatusomi tena kwamba kanisa lilipiga kura ili kujua mapenzi ya Mungu. Katika Matendo 13:2 Roho Mtakatifu mwenyewe anasema nao.

Tuna mfano karibu nasi. Watu kumi wanacheza upatu, kila mmoja akitoa shilingi 10,000 kwa juma. Vikaratasi vinachorwa kuamua nani apokee kwanza. Baada ya majuma kumi kila mmoja ametoa shilingi 100,000 na kupokea shilingi 100,000. Kura ilipanga zamu, haikumnyang'anya mtu. Upatu wa waaminifu unafanana na Shilo. Bahati nasibu haifanani nayo, hata kama zote mbili zina kura.

Isaya 65:11 inawataja watu waliomwacha Bwana na kuandaa meza kwa ajili ya Bahati, kana kwamba ni mungu anayestahili kulishwa. Meza hiyo bado inaandaliwa. Mtu anayetenga fedha ya tiketi kabla ya fedha ya unga, na kabla ya zaka, ameshaonyesha ni nani anayemtegemea kwa ajili ya kesho.

Je, kuna eneo la maisha yako ambalo kinywa chako husema "Mungu akipenda," lakini moyo wako unaitegemea bahati?

JUMATANO
"Lakini Fedha Hizo Hufanya Mema"

Soma Marko 12:41–44 na 2 Wakorintho 9:7. Ni nini kinachoifanya sadaka kuwa sadaka?

Bahati nasibu za taifa karibu zote hujitetea kwa njia hii: fedha zinasaidia jamii. Utetezi huu ni wa zamani. Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alitangaza bahati nasibu mwaka 1567, ikachezeshwa mwaka 1569, ili kupata fedha za kutengeneza bandari za nchi yake.

Tuwe wakweli: mema yapo. Katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, Uingereza ilirudi na medali moja tu ya dhahabu. Baada ya hapo fedha za bahati nasibu zilianza kuwagharamia wanariadha wake, na katika michezo ya Sydney mwaka 2000 walipata dhahabu 11. Makumbusho, viwanja na vikundi vingi vya kijamii vimepata msaada. Mkristo hana haja ya kukana jambo ambalo kila mtu analiona.

Lakini turudi kwenye pauni yetu. Kama mtu anataka kusaidia vijana wa mtaa wake kwa peni 28, anaweza kuzitoa peni 28. Kwa nini alipe pauni nzima? Ni kwa sababu hakwenda dukani kutoa. Alikwenda kununua tumaini la kupata. Miradi ya jamii ilipokea fungu lake njiani. Yule mjane wa hekaluni alijua anachotoa na anamtolea nani, wala hakutarajia sanduku limrudishie. Paulo naye anataka kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, kwa furaha. Hakuna anayenunua tiketi akifurahia kwamba atakosa.

Kuna jambo jingine. Kodi ya haki humtoza mwenye nacho zaidi kuliko asiye nacho. Tiketi ina bei moja kwa wote. Fedha isiyosikika mfukoni mwa tajiri ni chakula cha jioni kwa nyumba ya maskini. Mradi mzuri uliojengwa kwa chakula cha jioni cha mtu mwingine unapaswa kutufanya tuulize maswali. Linganisha na Warumi 3:8.

Kanisa lenu hutafuta fedha za ujenzi kwa njia gani? Je, kuna harambee au mchezo wowote wa kuchangisha ambao huwavutia watu kwa tumaini la kupata badala ya furaha ya kutoa?

ALHAMISI
Ndugu Anayecheza

Soma 1 Timotheo 6:6–10, Waefeso 4:28 na Wagalatia 6:1, 2. Paulo anawaonya wanaotaka kuwa na mali. Anawaambia nini wale wanaomwona ndugu ameanguka?

Tukisema "mcheza kamari," wengi humwona kijana mvivu. Lakini fikiria mama anayeuza mboga sokoni. Anaamka saa kumi alfajiri. Ada ya shule inadaiwa, mwenye nyumba amegonga mlango, na mkopo una riba. Kila siku anatoa fedha kidogo kwa ajili ya namba zake. Hana uvivu, wala hatamani gari. Amepiga hesabu ya mapato yake, akaona kwamba kwa njia aliyo nayo hataivuka shimo lile, na namba ndiyo njia pekee iliyobaki machoni pake.

Hesabu yake kuhusu shimo huenda ni sahihi. Hesabu yake kuhusu namba ndiyo imekosea, nayo inalichimba shimo zaidi. Akihubiriwa tu kwamba kamari ni dhambi, atainamisha kichwa Sabato na kucheza Jumatatu kwa siri, kwa sababu ada bado inadaiwa.

Waefeso 4:28 ina hatua tatu. Mtu aache kuchukua kisicho chake. Afanye kazi njema kwa mikono yake. Kisha apate kitu cha kumgawia mhitaji. Aliyekuwa akichukua amekuwa mtoaji. Kazi ya kanisa ni kumshika mtu mkono katika hatua zote tatu, si ile ya kwanza peke yake. Idara ya uwakili inaweza kuketi na familia na kuandika mapato na matumizi bila kuwaaibisha. Dorkasi wanaweza kujua ni nyumba gani haina unga kabla mwenye nyumba hiyo hajatafuta tumaini dukani. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kumtoa mtu katika mkopo wenye riba kali.

Na mtu anayetaka kuacha lakini hawezi? Huyo asiachwe peke yake. Amwambie mtu mmoja anayemwamini. Amkabidhi mwenzi wake usimamizi wa fedha kwa muda. Aondoe katika simu kila kinachomrudisha kwenye mchezo. Akizidiwa, atafute mshauri au mhudumu wa afya, kwa maana kamari inaweza kumfunga mtu kama pombe inavyomfunga. Kuomba na kutafuta msaada havipingani.

Paulo anasema utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa. Kuridhika si kukubali umaskini wa jirani. Ni kupumzika katika utunzaji wa Mungu kiasi cha kutohitaji hasara ya mtu mwingine ili kesho yako iwe salama.

Ni nani katika kanisa lenu anayeweza kukiri kwamba anacheza, bila kuogopa kwamba habari zake zitafika kila nyumba kabla ya jua kuzama?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Yohana 19:23, 24. Askari wanne waligawana mavazi ya Yesu mafungu manne. Kanzu ilikuwa haina mshono. Wakaona ni hasara kuipasua, wakaipigia kura. Mmoja wao alishinda. Yamkini alifurahi, maana ilikuwa kanzu nzuri, naye hakuilipia kitu.

Lakini kanzu ile ilitoka mwilini mwa Mtu aliyekuwa akifa hatua chache kutoka pale. Askari walikuwa wakitazama chini, kwenye kura. Kama wangeinua macho, wangemwona anayelipa. Kila zawadi ya bahati nasibu, hata ikija na muziki na taa za televisheni, imevuliwa kutoka katika mgongo wa mtu. Tofauti ni kwamba wenye migongo hiyo ni wengi na hatuwaoni.

Juu ya vichwa vya askari wale, Mwokozi alikuwa akifanya kinyume kabisa cha mchezo wao. Bahati nasibu huchukua kwa wengi ili kumtajirisha mmoja. Pale msalabani Mmoja alipoteza vyote ili wengi wapate (2 Wakorintho 8:9). Wala urithi wake haupigiwi kura. Kila amwaminiye anapata.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki ameshinda zawadi kubwa katika bahati nasibu, naye analeta zaka kanisani. Mchungaji na mhazini wafanye nini? Mngemjibuje kwa namna inayolinda kweli na kumlinda yeye pia?

2. Kijana anasema, "Kubeti mpira si bahati nasibu, mimi nazijua timu, mkeka wangu nauchambua." Kwa kutumia mfano wa watu mia moja wa Jumatatu, mweleze ni jambo gani halibadiliki hata kama anazijua timu.

3. Je, bima, upatu, hisa na biashara yenye hatari ni kamari? Tumieni maswali haya mawili kupima kila kimoja: Je, wote wanaweza kufaidika? Je, faida yangu inategemea hasara ya mwenzangu?

4. Pangeni jambo moja ambalo darasa lenu litafanya kabla ya mwisho wa robo hii kwa ajili ya familia moja iliyobanwa na deni. Nani atalisimamia, na lini mtaleta taarifa darasani?